Mke wa Msabah Aliyekuja na Wageni

Msabah Nahodha alikuwa mtembeza wageni. Kabla ya mapinduzi, meli kubwa zilipotia nanga mbele ya Forodhani, abiria walishuka kwa saa chache kunyoosha miguu, naye alikuwa akiwangoja na kanzu yake iliyopigwa pasi. Aliwapitisha vichochoro vya Mji Mkongwe, akawaonyesha milango ya nakshi, kisha akawapakia gari kwenda kutazama magofu ya Marahubi na hamamu za Kidichi walimokoga wafalme. Kiingereza alikipata skuli. Kijerumani na Kitaliano aliviokota midomoni mwa wageni wenyewe. Kazi ile aliipenda mno, kwa sababu kila alipomwonyesha mtu kisiwa, yeye mwenyewe alikiona upya.

Mkewe aliitwa Mwanakheir. Disemba ya mwaka 1963 mama yake aliugua huko Mombasa, naye akaenda kumuuguza, amembeba binti yao Time ambaye alikuwa bado ananyonya. Waliagana bandarini kama watu watakaoonana karibuni. Mwezi uliofuata serikali ikapinduliwa. Kaka yake Mwanakheir alikuwa askari polisi wa serikali iliyoondoka, na alikuwa amekimbia. Lau dada mtu angerudi Unguja, angekamatwa aulizwe kaka yuko wapi. Msabah naye hakuweza kutoka bila ya kibali, na kibali hakikupatikana. Akienda ofisini huambiwa aje mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, mwenye kutia sahihi hayupo. Mara ya mwisho karani aliinamisha kichwa akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe kila siku Mombasa, Mombasa. Unamfuata nani huko?"

Msabah akaelewa kuwa ameanza kushukiwa. Hakwenda tena.

Wageni nao walikatika. Miaka ile alibeba magunia, akapasua kuni za watu, akapanga foleni ya mchele na sukari kama wenzake wa mtaa wake, Jang'ombe. Barua aliogopa kuandika kwa kuwa zilikuwa zikifunguliwa njiani. Habari za mkewe alizipata kwa mabaharia, neno mojamoja: mama mkwe amefariki, mtoto ameanza chuo cha Kurani, Mwanakheir anafanya kazi ya uyaya kwa Wazungu. Kisha hata hizo zikakauka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ikaamuliwa wageni wapokewe tena, wachache, wa siku moja, waje asubuhi kwa ndege na waondoke kabla ya magharibi. Wakatafutwa wanaoijua kazi, na Msabah akaitwa. Alipewa shati jeupe na masharti. Aseme yale aliyoambiwa aseme, asizungumze na mgeni faragha, na kila kundi lifuatane na ofisa. Ofisa wake alikuwa Ndugu Silima, mtu wa Makunduchi, mwenye uso wa upole ambao haukuwahi kucheka.

Asubuhi moja ndege kutoka Mombasa ilishusha familia ya Kizungu: bwana, bibi, watoto wawili na yaya wao. Msabah aliwaamkia wakubwa. Hakumtazama yaya, maana hakulelewa kukodolea macho wanawake wa watu, na huyu alikuwa amevaa gauni ya buluu, miguu nje, kitambaa kimekazwa kichwani kama wanavyovishwa mayaya. Mwanakheir wake hakuwahi kutoka mlangoni bila ya buibui.

Gari lilipofika Gulioni mtoto mdogo alianza kulia. Yaya akasema, "Nyamaza, mwanangu. Nshakwambia tunafika."

Msabah alikuwa anaeleza habari za karafuu. Sauti ile aliijua, sentensi ikamkatikia mdomoni. Aligeuka, na yule mwanamke alikuwa amemkazia macho. Akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kumkataza. Silima alikuwa amekaa mbele na dereva, mkono nje ya dirisha.

"Endelea, Ndugu," alisema Silima bila ya kugeuka. "Wageni wanasikiliza."

Akaendelea. Marahubi aliwaonyesha nguzo za jumba lililoungua, zimesimama bila ya paa, na bahari ikionekana katikati yake. Bwana alipiga picha. Bibi alisema kisiwa kimetulia, laiti naye angeweza kukaa hapa asiondoke. Msabah alisema ndiyo, kimetulia. Mara mbili alikosea jina la mfalme, na hakuna aliyejua isipokuwa Mwanakheir, ambaye hadithi ile aliwahi kuisikia usiku mwingi kitandani kabla hajahadithiwa mgeni yeyote.

Kidichi jua lilikuwa kali. Silima alibaki nje na dereva chini ya mdarasini, wakiwasha sigara. Bwana na bibi walisimama chumba cha kwanza kutazama ndege na maua yaliyochongwa kwenye chokaa. Mwanakheir alimbeba yule mdogo akaingia naye chumba cha ndani, penye ubaridi na giza, ambamo mwanga hushuka kupitia vitundu vya kuba. Msabah akafuata huku akipaza sauti kwa Kiingereza, ili walio nje wamsikie yuko kazini, kwamba hamamu hii mfalme alimjengea mkewe wa Kiajemi.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanakheir. Wewe?"

"Mie, Baba Time. Usinikaribie."

"Umekujaje? Wakikujua..."

"Nina pasi ya jina jengine. Nimewabembeleza hawa tangu mwaka jana waje kutembea huku. Nimewasifia pwani, nimewasifia magofu, nimewapa maneno yako yote." Alimhamisha mtoto bega. "Umekonda."

"Time yuko wapi? Mzima?"

"Mzima. Mrefu, kakuchukua wewe."

"Ananiuliza?"

Mwanakheir alitazama mlangoni, na Msabah akapaza tena sauti, akaeleza maji ya moto yalivyokuwa yakipita chini ya sakafu.

"Alikuwa akikuuliza," alisema Mwanakheir. "Kila meli ikiingia anataka apelekwe bandarini. Analia mpaka homa inampanda. Mwisho nkamwambia umekufa. Kila Alhamisi anakusomea Fatiha."

Msabah aliweka mkono ukutani. Chokaa ilikuwa na unyevunyevu, ikamgandia vidoleni. 

"Kuna mtu anataka kunioa," alisema Mwanakheir. "Mtu mwema, ana duka la vyuma. Kadhi kasema atanivunjia ndoa, muda umepita kisheria. Mie nkasema sitaki ivunjwe na mtu asiyekujua. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

"Umepanda ndege kuja kutaka talaka?"

"Nimepanda ndege kuja kukuona. Hilo jengine ni kwa kuwa siwezi tena. Kila siku nalala na mtoto wa watu mkononi na wangu yuko kwa jirani. Nimechoka, Msabah. Niambie ntakuja kukuona tena, nami ntangoja. Niambie tu."

Alingoja aambiwe. Mlangoni bibi wa Kizungu alicheka kwa jambo alilosema mumewe, na nyayo zao zikaanza kukaribia.

"Nimekuacha, Mwanakheir," alisema Msabah. "Talaka moja. Mungu akuweke."

"Radhi zako?"

"Unazo."

Bwana na bibi wakaingia. Bibi akauliza, yule mke wa Kiajemi aliishi hapa hadi kufa? Msabah akajibu kuwa hakuishi. Inasimuliwa kwamba aliachwa, akarudishwa kwao. Bibi akasema masikini, na akamwangalia yaya wake aliyekuwa ameficha uso katika nywele za mtoto. Akadhani joto limemzidi, akampa maji.

Mchana waliupitisha Mangapwani. Mchanga ulikuwa mweupe, maji ya kijani yakiingia na kutoka kwenye miamba bila ya kelele, wala hapakuwa na mtu mwengine ufuo mzima. Wazungu walikoga. Mwanakheir aliwapangusa watoto, akawalisha, akakunja mataulo. Msabah alikaa mbali pamoja na Silima, na yeye na Mwanakheir hawakutazamana tena mpaka kiwanja cha ndege, ambapo Mwanakheir alipita mbele yake na wageni wengine na kusema, kama anavyosema mgeni yeyote, "Ahsante kwa kututembeza."

Wakati wa kurudi mjini Silima alimwambia dereva asimamishe gari akamnunulie sigara. Walipobaki wawili akasema, "Yule yaya hakutazama kitu hata kimoja leo. Mtu akija mahali mara ya kwanza hutazama."

Msabah alimtazama dereva akivuka barabara.

"Mimi ntaandika kuwa wageni wamefurahi," alisema Silima. "Na wewe usinishukuru. Sikutendei wema. Nimechoka tu kuandika mengine."

Msabah alirudi nyumbani akalala na shati lake jeupe. Aliendelea na kazi kwa muda, lakini ilikuwa imemtoka. Akifika Kidichi husimama nje na kuwaambia wageni waingie wenyewe. Siku moja kundi la wageni lilimngoja katikati ya hadithi, likangoja, mpaka Silima akaja kuimaliza kwa Kiingereza chake kibovu. Baada ya hapo hakuitwa tena. Jirani yake, Bi Mwatima, alimletea chakula alipomuona hafungui mlango. "Kwani huna jamaa, mwanangu?" akamuuliza. "Kakae na jamaa." Ndipo akahamia Fumba kwa dada yake, akawa anafuma nyavu.

Huko Fumba, mwaka uliofuata, alifika mtu aliyetoka Mombasa kwa njia za kificho. Alijua kidogo kuhusu kila mtu. Msabah alimuuliza, kama anayeuliza habari za watu wa mbali, kuhusu Mwanakheir wa mtaa wa Kibokoni.

"Aliyeolewa na mwenye duka la vyuma? Hajambo. Ana mimba kubwa."

"Na yule binti yake?"

"Yule yatima?" alisema mtu yule. "Yupo, anasoma. Mtoto mzuri, ana adabu."

"Alhamdulillahi," alisema Msabah. Akauinua wavu wake, akatafuta pale ulipochanika, na vidole vyake vikakaa juu ya tundu lile muda mrefu bila ya kufunga fundo.