Chumba cha Amonia

Maabara yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, Magomeni, Mtwara. Tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu niliyesoma naye kemia, mzaliwa wa Mikindani. Kazi yetu ilikuwa kupima mchanganyiko wa maji na amonia: uzito wake, mnato wake, na presha ya mvuke wake kadiri joto lilivyopanda. Waliotuajiri walitaka kuunda mashine ya kugandisha barafu kwa moto wa maganda ya korosho, bila umeme, na bila vipimo vile isingeundika.

Mwenzangu aliipenda kazi ile kuliko mimi. Mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki, naye alikua akimwona anafukia mchangani samaki waliooza kwa kukosa barafu.

Asubuhi moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya kipimo. Feni ya kutolea hewa ikasimama. Chombo cha chuma chenye mchanganyiko kilikuwa bado cha moto.

"Tukiache kipoe," nikasema.

"Valvu inavuja, dada. Naikaza kidogo tu."

Alikuwa amevua miwani ya kinga kwa sababu ya jasho. Akainama. Nikasikia mlio kama tairi linalopasuka, halafu hewa ikanikaba koo. Yeye alikuwa anapiga kelele, amejiziba macho. Nilimvuta shati hadi uani, nikammwagia maji ya pipa usoni, ndoo baada ya ndoo, mpaka majirani wakaleta bajaji.

Daktari alisema yale maji yalisaidia. Hata hivyo jicho la kulia lilikufa, la kushoto likabaki na ukungu. Waliotuajiri walitoa pole, wakaja kuchukua vifaa, wakaifunga maabara.

Ramadhani ilipoingia nilikwenda kwao Mikindani. Mkewe alinipokea mlangoni.

"Wifi, tafadhali usimtajie kazi," akaninong'oneza.

Lakini aliyeitaja ni mwenzangu mwenyewe.

"Vipimo vya joto la juu vimekamilika?"

"Bado."

"Nani anavimalizia?"

"Hakuna."

Akauelekeza uso dirishani.

"Mama kila siku ananiuliza barafu inakuja lini. Mwambie wewe, dada. Mimi nimeshindwa."

Nikaenda uani. Mama yake alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi ya futari. Nikachutama mbele yake, nikamwambia kwamba mashine haitakuja.

Hakuacha kukuna.

"Na macho?" akauliza. "Nayo hayatarudi?"

Nikachukua kizio cha pili cha nazi, nikakaa karibu yake kungoja zamu yangu ya kukuna.