Sahani Niliyompelekea Mzee wa Posa

Mnisamehe mwandiko na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la nane.

Hapa Garissa mvua ikikaribia, sisimizi hujaa jikoni. Juzi asubuhi Hooyo, yaani mama yangu, aliniambia nihamishie vyakula kwenye mikebe yenye vifuniko. Nikahamisha kila kitu, halua ya wageni na hata unsi wake, ule ubani wa kufukizia nyumba unaopikwa kwa sukari na marashi. Ukipoa unafanana sana na halua.

Mchana huo wazee wakaja kumposa dada yangu. "Waryaa, wewe mvulana, lete halua haraka!" mjomba akanihimiza. Mikebe yote ilifanana, nami nikaona haya kuuliza mbele ya wageni. Nikafungua mmoja, nikapeleka sahani.

Baba wa kijana anayeposa akatia kipande kikubwa mdomoni. Akatafuna, akaitazama sahani, akatafuna tena.

Hooyo akaingia na chetezo chenye makaa. "Unsi wangu uko wapi?"

Mzee akainua mkono. "Uko mdomoni mwangu, dada."

Wazee hao wameahidi kutuambia Ijumaa kama posa inaendelea. Dada hasemi nami. Tafadhali niandikieni: niende kwa mzee kuomba radhi, au ninyamaze?