Zipu ya Mkono Mmoja

Kwa muda mrefu pale Bilele, mjini Bukoba, nilijulikana kama mshona mifuko asiyeiamini zipu. Wateja walikuja na picha kwenye simu zao, wakanionyesha vipochi vya kitenge vyenye zipu ya rangi ya dhahabu, nami niliwatazama kwa huruma na kuwaeleza kwamba zipu ni mambo ya sanduku na suruali. Mfuko wa mtu mwenye heshima zake hufungwa kwa kifungo, au kwa kamba ya kuvuta. Nilisema hivyo kwa uso mkavu, na wengine waliondoka wakinishukuru kwa ushauri.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naiogopa. Kitambaa ukikikosea unafumua na kuanza upya, lakini zipu ina meno, na mimi kitu chenye meno sikizoei haraka. Aliyeijua siri hiyo ni jirani yangu mmoja tu, mama wa Kilutheri anayeshona sare za shule kwenye kibaraza kinachopakana na changu. Alikuwa akinikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimjibu kwamba sijasikia mtu aliyekufa kwa sababu ya kifungo.

Kilichoniumbua ni mkono wa kushoto wa mama yangu.

Mama anaishi nje kidogo ya Nshamba, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Alipata kiharusi, kidogo tu, wakasema hospitali. Miguu kilimwachia. Ulimi hakikuthubutu hata kuusogelea. Lakini mkono wa kushoto kiliufanya mzito, ukawa unatetemeka na haushiki kitu. Angekuwa mtu wa kabila jingine labda angeuzoea. Kwetu Wahaya, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Anapewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, azitafune huku mazungumzo yakianza. Mwenye nyumba hutanguliza moja kinywani mwake ili mgeni aone hakuna hila, halafu humpa mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Mama hakuwahi kuishia nyumbani. Alizibeba kwenye kikapu kidogo kanisani, msibani, sokoni, hata kwenye foleni ya zahanati, akigawa kana kwamba Nshamba nzima ni sebule yake.

Sasa msibani kwa jirani mmoja, kikapu kilimponyoka. Kahawa ikamwagika miguuni mwa waombolezaji, na watu wakainama kuokota kwa upole mwingi, bila hata mmoja kucheka. Huo upole ndio uliomuua. Wangecheka angewatukana na mambo yangeishia hapo. Tangu siku ile hakutoka tena. Mgeni akiingia uani, Mama anaingia chumbani, na kahawa inatolewa na yeyote aliye karibu. Kuhusu kanisa, alisema Mungu anajua yeye anapokaa.

Tulivumilia hivyo mpaka mdogo wangu wa mwisho alipopata mchumba, kijana wa Bukoba mjini, na wazee wa upande ule wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kujitambulisha. Baba alikwisha kututoka, kwa hiyo mwenye nyumba ni Mama. Mama akatangaza kwamba siku hiyo wageni watapokelewa na shangazi yetu, kwa kuwa yeye atakuwa anaumwa. Alipanga kuumwa wiki nzima kabla, kama mtu anayekata tiketi ya basi.

Mdogo wangu alinipigia simu akilia. Hakutaka kuolewa kutoka kwenye nyumba ambayo mama yake amejificha nyuma ya pazia, na alisema Mama asipotoka, atawaambia wageni wasije kabisa. Nilimjua, hatanii. Na mimi, ambaye mdomo wangu siku zote hutangulia mikono, nikamwambia asilie, nitamshonea Mama mfuko wa kuvaa begani, mpana, ukae mapajani, kahawa isimwagike. Nikasikia simu ikinyang'anywa.

"Uwe na zipu," Mama alisema. "Kifungo kinataka mikono miwili. Kamba inataka meno, na mimi siwezi kung'ata kamba mbele ya wakwe."

Nikasema sawa.

Nilinunua zipu ya mita, ile inayokatwa kwenye rola na kichwa chake unakivika mwenyewe, kwa sababu muuzaji alinihakikishia ndiyo imara. Nikachagua kitenge kizuri cha bluu, bitana ya pamba, nikajifungia ndani nisionekane. Mfuko wa kwanza ulitoka umenyooka kila mahali, nikaushangilia, kisha nikautafuta ule mshiko wa kuvutia zipu nisiuone. Nilikuwa nimeishona kinyumenyume. Mshiko ulikuwa kwa ndani. Ule ulikuwa mfuko ambao ungeweza kufunguliwa na kahawa tu.

Wa pili niliushona zipu ikiwa imefungwa, nje na bitana vyote kwa pamoja, nikazungushia mshono pande zote. Wanaoshona wameshaanza kucheka. Mfuko hushonwa upande wa ndani ukiwa nje, kisha unageuzwa kupitia mdomo wake, na mdomo wa huu nilikuwa nimeshaufunga mwenyewe kwa zipu. Nilibaki nimeshika mto mdogo, nikiubonyeza huku na huku nikitafuta pa kuingilia. Wa tatu ulikaribia kabisa kuwa mfuko. Nikaivuta zipu kwa furaha, kichwa chake kikapita hadi mwisho, kikachomoka, kikaruka dirishani kikaangukia kwenye kibaraza cha jirani yangu.

Alikileta mwenyewe kwenye kiganja cha mkono. Aliziangalia zile maiti za vitenge sakafuni, akakaa kwenye kiti changu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya sare ya mtoto wa watu. Nilikasirika sana. Halafu nikacheka na mimi, maana ule mfuko wa kufunguliwa na kahawa alikuwa ameuvaa kichwani.

Alinifundisha mchana huohuo, kwa kelele nyingi. Kila ncha ya zipu tulivalisha kipande cha kitambaa kilichokunjwa, tukakishona juu ya meno, kichwa kisipate njia ya kutoroka. Tuliipiga bandi kwa mkono kwanza, mishono mirefu ya muda, ili zipu isitembee cherehani ikianza kunguruma. Na kuhusu kile kichwa kinachopindisha mshono wa kila mwoga, aliniambia nisikizunguke. Nianze zipu ikiwa wazi nusu; nikikifikia, niiache sindano ndani ya kitambaa, niinue mguu wa cherehani unaobana kitambaa, nikisukume kichwa nyuma ya sindano, nishushe mguu, niendelee. Niliinua, nikasukuma, nikashusha. Mshono ukapita umenyooka. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Miaka yote nimekuwa nawanyima watu zipu kwa ajili ya kitu kile.

"Wewe ulidhani ni kupigana nayo," jirani alisema. "Ni kuipisha tu."

Mfuko ulipokamilika niliweka mkono wangu wa kushoto chini ya paja, nikaukalia, nikajaribu kuufungua kwa wa kulia. Zipu haikufunguka. Nilipovuta, mfuko mzima ulifuata mkono. Nilivuta kwa hila, nilivuta kwa hasira, mfuko ukanifuata mpaka begani. Hapo ndipo nilipopatwa na huzuni ya kweli. Nilikuwa sijafikiria kwamba kila tunapofungua zipu, ule mkono wa pili ambao hatuuoni ndio unaoshikilia. Mama alikuwa hana huo wa pili. Nilikaa pale nimekalia mkono wangu na nikamwelewa mama yangu kuliko nilivyomwelewa tangu augue.

Jirani alisema basi hata ule mkono mbovu upewe kazi. Nikafumua ncha ya nyuma ya zipu, pale inapoanzia kufunguka, nikashonea kitanzi kipana cha kitenge, cha kuingia kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto wa Mama haushiki, lakini ni mzito. Ukiingia kwenye kitanzi na kulala pajani, uzito wake peke yake unashikilia zipu. Nilijaribu kwa kuulegeza wangu kama gunia. Zipu ilifunguka krrr, mpaka mwisho.

Nilipoupeleka Nshamba, Mama hakuusifu. Aliingiza mkono kwenye kitanzi, akavuta, akafunga kwa kuubana mfuko kwa mapaja, akavuta tena. Akauliza kama zipu zote hupiga kelele hivyo. Nilisema ndiyo. Akasema si mbaya, Mhaya hawezi kufungua mfuko kimyakimya. Kama atatoka siku ya wageni au hatatoka, hakusema, na sisi tuliogopa kuuliza.

Wageni walikuja na mvua nyepesi. Shangazi aliwapokea, akawakalisha, akaanza kunyanyuka kwenda kuchukua kahawa. Mdogo wangu alikuwa jikoni ameshikilia mlango, uso umemkauka. Tulimsikia Mama kabla ya kumwona, fimbo yake ya uzee ikigonga sakafu ya korido. Aliingia amevaa gauni la Pasaka na ule mfuko wa bluu, akaketi kwenye kiti cha Baba, akaanza kuuongoza mkono wa kushoto kuelekea kwenye kitanzi.

Mkono ulitetemeka. Ulikikosa kitanzi, ukarudi, ukakikosa tena. Ule upole wa msibani nikauona unakuja: mshenga wao, mzee mwenye sauti nzuri, alisogea mbele kwenye kiti, akanyoosha mkono.

"Waitu, mama, nikusaidie," alisema, kwa neno letu la heshima.

"Kaa, baba," Mama alisema. "Wewe ni mgeni. Mgeni anasubiri."

Alikaa. Tulisubiri sote. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka ule mkono uingie mahali pake, na nilijizuia kunyanyuka kwa kuushika upindo wa sketi yangu. Uliingia. Mama akaulaza pajani, akavuta kwa wa kulia, krrr, akatoa punje, akatupa moja kinywani mwake na kuitafuna taratibu, macho yake kwa mshenga. Kisha akampa. Mzee alipokea kwa mikono miwili akiwa ameinama. Jikoni mdogo wangu alikuwa anacheka na kulia, na sikumlaumu, kwa kuwa nilikuwa nafanya vivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Tulimtafuta migombani, tukamtafuta kwa majirani, mpaka mtu aliyepita akatuambia amemwona madukani. Nilipanda bodaboda nikiwa na kandambili zisizofanana. Nilimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya duka la vifaa vya shamba, amezungukwa na madereva wa bodaboda na wauza ndizi, wote wanatafuna, yeye anawasimulia jinsi mshenga alivyoambiwa akae.

Nilianza kumgombeza. Fimbo ameisahau, dawa hajanywa, amepita njia ya utelezi peke yake. Kwa miezi mingi nilipokuja nyumbani ni mimi niliyemfunga vifungo, nikamkatia chakula, na sauti ile ya kumgombeza nilikuwa nimeizoea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akauingiza mkono kwenye kitanzi, akafungua mfuko, akatafuna moja, akanipa moja kwenye kiganja, kama anavyompa mtu aliyefika kwake.

"Karibu," alisema. "Kaa. Sijamaliza."

Nikakaa.