Fundi wa Rusimbi anayesaka maji kwa unga wa muhogo

Gasper Bihagaze anachota unga wa muhogo, anauweka kiganjani na kuupuliza taratibu kwenye injini. Unga unatua juu ya bolti, juu ya mabomba, juu ya mapezi ya feni. Injini ya Pijo 404 iliyokuwa nyeusi sasa ni nyeupe. Watu watatu wameizunguka, na mmoja wao anajizuia kucheka kwa shida.

"Sasa tunyamaze kidogo," anasema fundi, kama vile maji yanaweza kushtuka.

Ni Alhamisi asubuhi katika gereji ya wazi, kata ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Gasper, mwenye umri wa miaka 51, anachukua pampu ya baiskeli na kuiunganisha na kifuniko cha rejeta alichokitoboa mwenyewe na kukitia valvu ya tairi. Injini imezimwa na ni baridi. Anasukuma upepo kidogo, anaacha, anasukuma tena. Upepo unayabana maji yaliyomo ndani, nayo yanatafuta pa kutokea.

Rejeta inabaki kavu. Mabomba yanabaki meupe. Kisha chini ya pampu ya maji, nyuma ya feni, unga unaanza kubadilika rangi. Linatokea doa dogo la kijivu. Doa linashuka na kuwa mstari.

"Ndiye huyo," anasema Gasper kwa sauti ya chini.

Aliyekuwa akijizuia anaangua kicheko na kupiga makofi. Ni Zuhra Kassimu, bibi harusi wa Jumamosi hii. Gari hilo, mali ya ukoo wao, ndilo analotaka limtoe nyumbani kwao Ujiji na kumpeleka kwa mumewe, eneo la Mwanga, mjini humu humu. Mama yake alipelekwa nalo. Bibi yake, Bi Hadija, aliyesimama kando akiwa amejitanda kanga, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupelekwa nalo, enzi linanukia upya.

Baba yake Zuhra hana shida na jambo hilo, ila amewapa mwisho. Kesho Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, kama Pijo haijapona, atalipia gari la kukodi.

"La kukodi lina kiyoyozi," anasema Zuhra, "lakini halijui njia ya kwetu."

Pijo iliugua Jumapili. Haruna, mjomba wake Zuhra na ndiye dereva wa ukoo, aliitoa kuijaribu. Ilipofika kwenye mlima wa kutoka Ujiji ilichemka, ikatoa mvuke. Haruna akaingia duka la jirani, akanunua unga wa muhogo, akaumimina ndani ya rejeta.

"Niliambiwa unga unaziba," anajitetea.

"Uliambiwa na nani?" anauliza Bi Hadija.

"Watu wa stendi, mama."

"Hawakukwambia uongeze na dagaa?"

Unga uliiva. Gasper anasema alishinda siku nzima akiusafisha, na kilichotoka mwanzoni kilikuwa ugali mlaini, kama wa mgonjwa. Hata hivyo hamlaumu Haruna.

"Unga unaziba kweli, tundu likiwa dogo, tena kwa muda," anasema. "Ila yeye hakujua tundu liko wapi. Mimi pia sikujua. Ndiyo maana nimeuweka nje kwanza, unionyeshe."

Kabla gari halijaletwa kwake, ugonjwa wake ulikuwa umeshapewa majina mengi. Wapo waliosema rejeta imekufa, wapo waliosema injini yenyewe imepasuka. Gasper hakubishana na mtu. Aliikausha injini kwa kitambaa, akangoja ipoe, akaomba unga.

Sasa anamwita Zuhra asogee. Anamwonyesha kitundu kidogo chini ya pampu, mahali mstari wa kijivu ulipoanzia.

"Hiki hakikutoboka. Kimewekwa makusudi. Sili ya ndani, ile inayozuia maji, ikichoka, maji yanatokea hapa uyaone, yasiende kuharibu beringi. Wengine wakikiona kinalia wanakiziba. Ni sawa na kumziba mdomo mtu anayekwambia nyumba inaungua."

Anashika pezi la feni na kulitikisa. Linacheza, na mhimili wa pampu unacheza nalo. Anatikisa tena ili kila mtu aone.

"Sili imekwisha, na beringi inaifuata. Tumewahi."

Ufundi huo hakuusomea popote. Alizaliwa kijiji kimoja cha Kasulu, akaanza na baiskeli zilizokuwa zikibeba mawese kwenda mnadani. Alipohamia mjini alinunua injini ya lori lililokufa, ambayo wenzake waliiona chuma chakavu. Aliifungua na kuifunga tena kwa miezi kadhaa.

"Kila nilichotoa nilikilaza kwenye mkeka kwa mpangilio," anasimulia. "Nikimaliza kufunga na kimoja kimebaki nje, nafungua tena yote. Mke wangu Melania alidhani nimerogwa."

Wiki nzuri humwingizia kama shilingi laki moja na nusu. Wiki mbaya hula mawese na kisamvu, anasema, na hata hizo si mbaya sana kwa sababu Melania anajua kupika.

Pampu ya Pijo ya aina hiyo haipatikani Kigoma, na kuisubiri kutoka Dar es Salaam kungepitisha harusi. Gasper anaifungua, anang'oa beringi, anaifuta mpaka namba zake zinasomeka. Haruna anatumwa sokoni na namba hizo, na safari hii anarudi na kitu sahihi. Sili inatoka kwenye mashine kuukuu ya kumwagilia mboga. Gasper anaipima mara mbili kabla ya kuikubali.

Jua linaposhuka upande wa ziwa, pampu imerudi mahali pake ikiwa na gasketi mpya aliyoikata mwenyewe na kuipaka gundi. Feni, mkanda na rejeta bado viko chini.

"Fundi, funga na hivyo uwashe kidogo tu," Zuhra anabembeleza. "Niisikie."

"Hapana, bibi harusi. Gundi ilale. Ukiiamsha mapema, itakuangusha mlimani."

Mpango wake ni huu: kesho asubuhi atafunga vilivyobaki, atatia maji, ataipasha moto, kisha wataupanda mlima uleule wakiwa wanne ndani, uzito kama wa Jumamosi. Wakifika juu atafungua boneti. Pampu ikiwa kavu, mwenye gari la kukodi ataambiwa abaki nalo.

"Ataendesha Haruna?" anauliza Zuhra.

"Haruna atakaa," anasema Bi Hadija. "Na Jumamosi ataendesha fundi. Fundi, una koti?"

Gasper anacheka, anajifuta mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ameshatengeneza magari mengi ya harusi, anasema, lakini harusi zenyewe huzisikia kwa honi tu zikipita barabarani.

"La kuazima lipo, bibi."

"Basi lipigwe pasi. Na hiyo kesho, mnaanza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Nitakuwa hapa saa kumi na mbili," anasema Bi Hadija, akifungua mlango wa nyuma wa Pijo na kupangusa kiti kwa ncha ya kanga. "Nyuma, upande wa dirisha. Asikae mtu mwingine hapo."