Sweta Niliyoiunga Bila Kujua ni Yangu

Mama yangu hufuma sweta za shule. Ana mashine moja ya mkono, imekaa kwenye meza ya sebuleni kwetu Ruring'u, na akisukuma kile kipande cha juu huku na huku inatoa sauti kama mtu anayeburuta kijiko kwenye kichana. Yeye hufuma kifua, mgongo na mikono. Mimi huunga. Nimeunga sweta za karibu kila shule ya hapa Nyeri, hata za ile niliyoiacha nikiwa kidato cha tatu, tumbo likiwa limeanza kuonekana. Sweta yake ni ya kijani yenye mstari mweupe. Kila shule zikikaribia kufunguliwa naiunga, na kila mara najichoma kidole. Usiniulize kwa nini.

Kwa hivyo mama aliponitupia vipande vya marooni vyenye mstari wa manjano, sikushtuka. Oda ni oda. Kilichonishangaza ni mikono tu.

"Huyu ni mwanafunzi ama ni ngazi?" nikamuuliza. "Hebu ona. Huyu anafuta ubao akiwa ameketi."

Siku nyingine mama angecheka. Siku hiyo alisukuma mashine. "Unga," akasema. "Na ukaze vizuri hapo kwapani, hapo ndipo zinatatukia."

Nikaunga. Nikamcheka yule msichana nisiyemjua mpaka nikamaliza mkono wa pili.

Jumapili akaja tata. Tata ni dada mdogo wa mama. Ameolewa Kangari, kule kwenye majani chai, na mume wake ni mzee wa kanisa, kwa hivyo tata huketi kila mahali kana kwamba anangoja kupigwa picha. Alikunywa chai, akala, akauliza habari za kila mtu isipokuwa mimi. Kisha akamwambia mama, "Leta ile kitu."

Mama akaleta sweta ya marooni.

"Jaribu," tata akaniambia.

Nikaivaa. Nilidhani wanataka kuona inavyokaa mwilini. Mikono ikashuka, ikashuka, ikaishia sawasawa kwenye vifundo vya mikono yangu, mahali ambapo hakuna nguo ya dukani imewahi kufika tangu nizaliwe. Nikaangalia vifundo. Nikamwangalia mama. Mama akaangalia chai yake.

"Imekukaa," tata akasema. "Haki imekukaa kabisa."

Ningeifumua palepale kwa meno. Walikuwa wamepanga maisha yangu yote, wakaniunga mimi mwenyewe kama sweta, na nikawasaidia kwa sindano.

Mpango ulikuwa hivi. Kuna shule ya kutwa ya wasichana hatua chache kutoka kwa tata. Tata alishaongea nao. Ningeingia kidato cha tatu mwezi wa kwanza, nilale kwake, nimsaidie kuchuma majani Jumamosi. Na ilikuwa lazima iwe sasa, kwa sababu mfumo wetu wa zamani wa masomo unafungwa, darasa langu ni kati ya yale ya mwisho.

"Ukikosa saa hii, utarudi darasa gani?" tata akauliza. "Nasari?"

"Na mtoto?"

Wakatazamana. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa chini ya meza akivuta uzi kutoka kwenye koni, hana habari.

"Mtoto ako na cucu yake," tata akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu. "Wewe enda ukaanze upya. Huko hakuna mtu anakujua. Hakuna mtu atakuangalia tumbo."

"Bila mtoto siendi."

"Wacha kichwa ngumu!"

"Siendi, tata."

Akashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia. "Haya. Kuja na yeye. Lakini ukifika kule, huyo ni dada yako mdogo. Umesikia? Dada. Mimi niko na heshima yangu kule, mzee wangu anasimama mbele ya watu."

Nikamgeukia mama ili aseme kitu. Mama akasema, "Ni neno moja tu. Utalisema, utazoea."

Nataka niseme ukweli, kwa sababu watu hudhani hasira ni jibu. Hasira si jibu. Nilitaka kwenda. Wasichana niliosoma nao walimaliza, wengine wako vyuoni, wakirudi likizo wanapita hapa nje wakiongea kwa sauti ya juu, nami nimeketi na sindano. Nilikuwa mzuri wa hesabu, si kidogo. Usiku ule nilitaka ile shule ya Kangari hadi mdomo ukakauka. Halafu nilitaka kumpiga mtu. Halafu nikamkumbuka yule kijana, baba ya mtoto. Wazazi wake walimhamisha shule akapelekwa Nanyuki kabla hata mimi sijaacha kutapika asubuhi. Hakuna aliyemwambia aite mtu dada. Hakuna aliyeketi chini na kujadili kama ahame ama asihame. Alihama tu, kama mtu anayetoka juani na kuingia kivulini, na sasa ako mwaka wa pili chuoni. Kwake mwanzo mpya ulikuwa kitu cha bure. Wangu una masharti.

Siku mbili tatu baadaye mama alinituma mjini kuchukua uzi. Mwenye duka la uzi ni mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa hapahapa mjini, Kiswahili chake kinanyooka mpaka unajiona unaongea na mawe mdomoni. Huwa ananidadisi, na siku hiyo nikamwambia yote.

"Nenda, mwanangu!" akasema. "Nenda, unangoja nini? Bibi yangu alifika mji huu hajui hata msikiti uko upande gani. Leo wenyeji ni nani? Si ni sisi?"

"Alikuja na watoto wake ama aliwaacha?"

Akaacha kupima uzi. "Alikuja nao. Mmoja mgongoni, wengine wameshika nguo."

"Na aliwaita nani?"

"Aliwaita nani vipi? Aliwaita wanawe." Akanitazama, akaongeza koni moja ndogo ya manjano juu ya mzigo, kama anayempa mtoto peremende. "Wewe unanichanganya sasa. Nenda nyumbani."

Nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kila mtu alikuwa na jibu fupi. Jirani yetu, ambaye mimi sikumuuliza chochote, alisema nikienda nitarudi na mimba nyingine. Kwani mimba inakaa Kangari ikiningoja?

Mwishoni nikasema tutaenda kuona. Kuona tu, mimi na mtoto, siku mbili, halafu niamue.

Kangari ni baridi ya namna nyingine. Kijani kiko kila mahali, kimekatwa juu sawasawa kama nywele za askari, na ukungu unashuka asubuhi hadi huoni mlango wa jirani. Nikaipenda. Hilo lilinikasirisha pia. Tata alinionyesha shule kutoka nje ya lango, wasichana wakiwa na sweta za marooni, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia mara mbili. Sijui kama umewahi kutotazamwa. Ni raha. Nilitembea kwenye ile barabara ya udongo nikiwa mtu yeyote tu.

Mchana tukaenda na tata kupeleka majani kwenye kibanda cha kupimia. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, vikapu mgongoni, wakingoja lori. Tata akawa anasalimia huku na huku kwa ile sauti ya kanisani.

"Hawa ni watoto wa dada yangu wa Nyeri," akasema. "Huyu mkubwa anakuja kusoma hapa. Na huyu ndiye mdogo wake."

Mtoto wangu alikuwa amenishika kidole. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, lakini nilikuwa nimesimama pale, na kusimama pia ni kusema.

Mama mmoja mzee, jirani ya tata, akainama na kikapu chake. "Na wewe kasichana, unaitwa nani?"

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto anajua. Msichana akizaa kabla ya kuolewa, na hakuna mwanamume aliyekuja kujitambulisha, mtoto wa kwanza akiwa msichana hupewa jina la mama ya huyo msichana. Binti yangu ana jina la mama yangu. Lakini hakuna mama kwetu humpa mwanawe jina lake mwenyewe. Kwetu ni zaidi ya kufanana majina. Mama humwona mtoto kama yeye mwenyewe aliyerudi. Humwita "mimi." Utamsikia jikoni, "Mimi amekula? Nani amevalisha mimi viatu kinyume?" Nami huwaita wote wawili "mami," na wakiwa pamoja wote huitika.

Tata anajua hivyo. Mama anajua. Mimi najua. Na sisi watatu, tulivyokuwa tukigombana juu ya lile neno dada, hakuna aliyekumbuka.

Mtoto akataja jina lake. Alilitaja lote, kwa sauti, kidevu juu, kama cucu yake alivyomfundisha.

"Ai!" yule mama mzee akafurahi. Akamgeukia tata. "Hilo si jina la huyo dada yako wa Nyeri? Yule alikuja kukuangalia ukijifungua?"

"Ndiyo," tata akasema.

"Na hawa wawili wote ni watoto wake?"

"N... ndiyo."

Macho ya mzee yakatoka kwangu yakaenda kwa mtoto. Nilimwona akifikiri. Nilimwona akifika.

"Kwani siku hizi huko Nyeri mtu anajizaa mwenyewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja alicheka hadi akatua kikapu. Uso wa tata ulibadilika rangi, na mtoto, akidhani amefanya jambo zuri, akarudia jina lake tena, kwa nguvu zaidi.

Nikasema, "Ni wangu. Mimi ndiye nimemzaa."

Nilingoja. Sijui nilingoja nini, labda mbingu. Mzee akapangusa macho. "Sasa si ungesema! Nilidhani uzee umeniingia kichwani." Akamshika mtoto shavu. "Mwambie cucu yako namsalimia." Akasogea mbele kwa foleni, kwa sababu lori lilikuwa limefika.

Ni hivyo tu. Wanawake wawili nyuma walinong'onezana, niliwaona, na mmoja akaniangalia kuanzia chini hadi juu kwa lile jicho ninalolijua vizuri. Wengine walikuwa wanafikiria majani yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahali pa kuniokoa ama pa kunipiga mawe. Sikuwa nimejiandaa kwa mahali pa kawaida.

Njiani tata alitembea mbele yetu mpaka tulipofika kwenye lango lake.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Mtoto amesema jina lake, tata. Alikuwa akatae jina?"

"Ungenyamaza ningepata kitu ya kusema."

"Ungesema nini? Ati mama alijizaa?"

Mdomo wake ukacheza. Nusura acheke, nakuapia. Halafu akakumbuka yeye ni nani.

"Shule haina shida," akasema, akifungua lango. "Walishaniambia wasichana wenye watoto wanarudi siku hizi, hawaulizi. Shida ni nyumba. Nipe muda niongee na mzee."

Nikabaki nimesimama hapo nje. Kumbe shule haikuwahi kuuliza! Huo uongo wote haukuwa wa kuniingiza darasani. Ulikuwa wa kumwezesha mzee wa kanisa asimame vizuri mbele ya watu. Nilitaka kupiga kelele, lakini mtoto alikuwa amelala begani, mzito, ananukia majani mabichi.

Tumerudi Ruring'u. Nilimweleza mama yote. Nilipofika pale pa mtu kujizaa mwenyewe alicheka akashika meza, halafu akalia kidogo, halafu akasema ni vumbi la uzi. Tangu hapo tunangoja simu ya tata. Shule zinafunguliwa karibuni, na kuna asubuhi naamka nikiwa nimeshaenda, na jioni naapa siendi kuishi kwa mtu anayehitaji mtoto wangu awe mwongo. Kama tata atakataa, sijui. Kama atakubali, sijui pia kama nitaweza kukutana na lile jicho kila siku nikiwa na vitabu mkononi. Ile shule yangu ya zamani, ya kijani, iko hapa karibu. Kuna siku naifikiria. Kuna siku nachukua njia ndefu nisipite langoni kwake.

Jana mama aliitoa sweta yangu kwenye msumari wa ukutani. "Nifumue? Hapa hakuna shule inavaa marooni. Uzi ni uzi."

"Usifumue."

"Kwa hivyo unaenda."

"Sijasema naenda."

"Sasa umesema nini?"

Niliketi kwenye mashine, mahali pake, nikaweka uzi wa marooni uliobaki, na ile koni ndogo ya manjano ya mama wa dukani. Nikamwita mtoto, nikampima mkono kwa kiganja changu, kuanzia bega. Ana mikono mirefu. Nikaanza kufuma, polepole, kwa sababu mashine mimi siijui kama mama.

Mama akasimama nyuma yangu akiangalia kile kipande kidogo kikishuka.

"Mimi ndiye anafumiwa hiyo?"

"Ndiyo."

"Na ni ya shule gani?"

"Sijui bado, mami," nikasema. "Lakini popote nitakapovaa yangu, na yeye atavaa yake."

Wote wawili wakaitika.