Maji ya Wageni

Kisima chetu baba alikichimba kwa hasira. Kampuni ya shaba iliyokuwa ikitupa nyumba, hospitali na maji ya bomba ilikuwa imeanguka, na mabomba ya cité yetu, mtaa wa wafanyakazi upande wa Musonoi, yakakauka. Baba alikuwa fundi umeme, hakuwahi kushika beleshi maishani. Alichimba nyuma ya jiko huku akiwatukana wakubwa mmoja mmoja, na kila mmoja alipata zamu yake mpaka maji yakatoka. Alipokufa, kisima ndicho alichotuachia, na mama hakuruhusu mtu akiseme vibaya.

Baadaye wakaja matajiri wapya. Kiwanda kikasimama mlimani, juu ya nyumba zetu, pamoja na bwawa lake la maji machafu. Shaba huko inatolewa kwenye matangi ya asidi, na ili mvuke usiwachome wafanyakazi mapafu, juu yake wanamwaga dawa ya kutoa povu. Dawa hiyo ndiyo iliyotuletea wageni: madaktari kutoka Lubumbashi. Walituambia kwamba kuna dawa za viwandani zisizooza. Hazinuki, hazionekani, ukichemsha maji haziondoki, na zikiingia mwilini zinakaa miaka na miaka. Walitaka kupima visima vyetu na damu yetu.

Mimi niliona ni maneno ya kujazia daftari. Tulikuwa tumeshapimwa mengi, na hakuna aliyewahi kurudi kutuambia kitu. Lakini mdogo wangu aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa hakulia. Wa pili alimnyonyesha hadi akajua kukaa, kisha akaanza kudhoofika, akaenda. Cité nzima ilikuwa na sababu zake, na nyingi zilimwangukia yeye. Sasa alitaka kujua jambo moja tu, kama athubutu kubeba mimba tena.

“Yaya,” aliniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, “kama ni mayi, mi nitahama. Kama si mayi, basi nitajua ni miye.”

Nikaenda naye kutoa damu, ingawa sindano naiogopa kuliko nyoka. Mimi sikuzaa, na watu hawajachoka kunikumbusha. Angalau siku ile nilikuwa na faida kwa mtu.

Mama alikuwa ametangulia kutoa yake na kurudi nyumbani. Sisi tulipokuwa kwenye foleni, kijana wa madaktari alipita nyumba kwa nyumba na chupa zake. Kwetu alimkuta mama peke yake. Akamwomba maji tunayokunywa. Ningekuwepo ningepiga kelele. Mama yetu ni mtu wa cité ya zamani, mgeni akigonga anafagia hata pasipo na takataka. Chumbani kwake, chini ya kitambaa cheupe, aliweka ndoo ya maji yaliyonunuliwa kutoka bomba la misheni, yakachemshwa na kuchujwa. Hayo yalikuwa ya wageni. Hata sisi tukiugua tulikuwa tunayaomba kwa adabu. Mtoto wa watu ametoka Lubumbashi, amevaa viatu safi, anaomba maji. Mama akamjazia chupa kutoka kwenye ndoo ile, wala hakuona sababu ya kutuambia.

Majibu ya maji yakaja kwanza. Maji ya nyumba yetu hayana kitu. Mama alitembea mlango kwa mlango akitangaza kwamba kisima cha mume wake ni safi, na mdogo wangu akalia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, kwa sababu sasa alijua ni yeye. Lakini moyo wa mtu haukati tamaa kirahisi. Haukupita muda mrefu akawa na mimba tena, na mama akawa anamchotea maji ya kisima asubuhi na jioni.

Kisha tukafukuzwa. Wenye kiwanda walisema shaba iko chini ya nyumba zetu. Wakapiga rangi nyekundu milangoni, na wale tuliozoea kuazimana chumvi tukatawanyika, wengine Lubudi kulima, wengine Dilolo kwa ndugu zao. Sisi tulipelekwa kwenye nyumba za mabati kwenye uwanja mtupu. Mama alikataa kupanda lori bila bidoni mbili za maji ya kisima. Alisema mwenye mimba asibadilishiwe maji ghafla.

Huko ndiko daktari mmoja wa kike alikotukuta na majibu ya damu. Sikutegemea kwamba wangerudi, na nilipomwona nikaona aibu kwa yote niliyosema juu yao. Akatueleza polepole. Dawa ile imo ndani yetu sote. Mimi na mama tunayo nyingi. Mdogo wangu anayo kidogo kuliko sisi wote.

“Lakini mayi yenu yalikuwa safi,” alisema. “Sielewi mumeipata wapi.”

Mama aliinamisha kichwa. “Mi nilimupatia kijana mayi ya bageni,” alisema. “Nilisikia haya kumupatia ya kisima.”

Kumbe ni kisima cha baba kilichotunywesha dawa. Mdogo wangu hata hakuwa amemsikia vizuri, alikuwa amekaa na tumbo lake kubwa, anatabasamu. Yake ni kidogo. Mwaka mzima sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo.

“Dokta,” akasema, “tulikunywa mayi moja. Juu ya nini yangu iko kidogo?”

Nadhani daktari alitamani tusiulize. Akasema dawa hii inatoka mwilini polepole sana, lakini mwanamke mwenye mimba, nyingine inapita kwa mtoto. Na akinyonyesha, nyingine inatoka na maziwa. Haraka akaongeza kwamba hakuna mtu anayeweza kusema ndiyo iliyowaua wale wawili, na kwamba huyu akizaliwa anyonyeshwe tu, maziwa ya mama bado ni bora kuliko kingine chochote tutakachompa pale uwanjani.

“Kwa hiyo bale batoto bangu ndio balinisafisha,” mdogo wangu alisema.

Mama akatoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya bati, na sikumfuata, kwa sababu nilikuwa nimemshika mdogo wangu, na yeye hakuwa analia.

Alijifungua msichana mzima, mwenye sauti ya kutosha. Walipomwekea mtoto kifuani, alifungua nguo, kisha akaifunga tena. Mtoto alikuwa anatafuta kwa mdomo, anagonga-gonga kichwa chake kidogo kwenye kitambaa.

“Yaya, nifanye namna gani?”

Nikasema, “Mutoto iko na njaa.”

Akafungua tena nguo, akageuza uso ukutani, akampa titi.