Fimbo ya Mpagazi

Katika milima ya Gangwon, Koplo Pyo Dal-su humtambua mpagazi wa batalioni kabla hajamwona. Mzee hupanda na fremu ya mbao mgongoni, imesheheni matonge ya wali, akiigonga kwa fimbo ko, ko, ko, kama anayerudi nyumbani na kuni. Hatui mzigo mpaka handakini, na kila tonge hulitoa kwa mikono miwili, kama anampa mkubwa wake, hata kwa kuruta. Leo mizinga ilimwandama njia nzima. Akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, bado anagonga.

“Mzee, hiyo fimbo itakuua,” Koplo alimfokea. “Adui si anakusikia?”

Mzee akapiga goti, akatua mzigo taratibu.

“Naye asikie, mwanangu. Ajue huku watu wanakula.”